Kalsiamu na chuma: mafahali wawili hawakai zizi moja

Ukifungua pochi ya mama wa kawaida wa Korogwe mjini, au wa Chanika kule Handeni, si ajabu siku hizi kukuta vidonge vya aina tatu au nne. Kuna vile vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Kuna kopo la kalsiamu aliloshauriwa na jirani kwa ajili ya mgongo unaouma. Kuna zinki iliyobaki mtoto alipoharisha. Na kuna vidonge vyeupe vya magnesiamu vya kutafuna kiungulia kinapomsumbua. Asubuhi akishamaliza chai anavimeza vyote kwa mkupuo ili asisahau. Miezi miwili baadaye anapimwa damu, na kiwango kiko palepale.

Hapo lawama hushukia vidonge vya kliniki. Husemwa vya bure havina nguvu, na familia inaanza kutafuta vya bei kubwa. Baba anatuma fedha, kopo la tano linaingia nyumbani. Mara nyingi kidonge hakina kosa. Tatizo ni kwamba vidonge vimekutanishwa pamoja tumboni, na vingine vimewazuia wenzao njia.

Jambo hili linawahusu zaidi wanawake kwa sababu wao ndio wanaopoteza damu kila mwezi, wanaobeba mimba na kunyonyesha, na ndio wanaopewa au kuuziwa virutubisho vingi kuliko wanaume. Kwa maeneo kama Handeni na Korogwe, ambako malaria haijaisha, makosa madogo ya kupanga vidonge yanaweza kumfikisha mama leba akiwa na damu pungufu.

Mlango mmoja, wapitaji wengi

Kidonge kikimezwa, asidi ya tumbo hukiyeyusha. Madini yaliyomo hufyonzwa zaidi kwenye sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo. Ukuta wa utumbo hauna nafasi isiyo na mwisho. Una njia maalumu za kupokea madini, na baadhi ya madini hukwamishana pale yanapofika kwa wingi kwa wakati mmoja.

Kalsiamu na chuma ndiyo jozi inayojulikana zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa Göteborg, Sweden, wakiongozwa na Leif Hallberg, walionyesha kwamba kalsiamu ya miligramu 300 hadi 600 ikiliwa pamoja na chakula chenye chuma, hupunguza chuma kinachofyonzwa kwa nusu au zaidi. Kidonge kimoja cha kawaida cha kalsiamu kinaweza kuwa na miligramu 500. Kwa hiyo mama anayemeza kalsiamu na kidonge cha damu kwa glasi moja ya maji anaweza kuwa anapoteza sehemu kubwa ya chuma alichokusudia kukipata.

Hii haina maana kwamba kalsiamu ni adui. Mifupa, misuli na mapigo ya moyo vinaihitaji. Tafiti za muda mrefu nazo zinaonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye lishe nzuri, mwili hujirekebisha kiasi na akiba ya chuma haishuki sana. Shida iko kwa yule ambaye tayari amepungukiwa, anayetegemea kidonge kimoja kwa siku kimpandishe kabla ya kujifungua. Huyo hana chuma cha kupoteza.

Magnesiamu ya kiungulia nayo ina lake. Vidonge hivi hupunguza makali ya asidi tumboni, na chuma kinahitaji asidi hiyo ili kiyeyuke vizuri. Kiungulia ni kawaida kwa wajawazito, kwa hiyo wengi hutafuna dawa hizo muda uleule wanaomeza vidonge vya damu bila kujua kwamba moja inapunguza kazi ya nyingine.

Zinki inayoleta upungufu wa damu

Tangu wakati wa Uviko-19 zinki imekuwa ikimezwa na watu wazima kama kinga ya kila kitu. Mwanamke mzima anahitaji takribani miligramu 8 kwa siku, na mjamzito takribani 11. Kiwango cha juu kinachohesabiwa kuwa salama kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, chakula na vidonge vikijumlishwa. Kidonge kile cha mtoto anayeharisha kina miligramu 20, na kimekusudiwa kutumika kwa siku 10 hadi 14 tu. Mama anayemeza viwili au vitatu kila siku, mwezi baada ya mwezi, ameshavuka mpaka.

Zinki ikizidi kwa muda mrefu, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza protini ya kuikamata. Protini hiyo hushika madini ya shaba kwa nguvu zaidi kuliko inavyoshika zinki yenyewe. Baada ya siku chache seli hizo hubanduka na kutoka na choo, na shaba hutoka nazo. Shaba ni madini yanayohitajika kidogo sana, lakini ndiyo yanayosaidia chuma kutoka kwenye hifadhi na kwenda kutengeneza damu. Ikipungua, mwanamke anaweza kuishiwa damu hata kama anakula chuma cha kutosha, na wengine hupata ganzi miguuni na kuyumba wanapotembea. Ukimwongezea chuma huyu, hapati nafuu. Anachohitaji kwanza ni kuacha zinki, na daktari aamue kama ataongezewa shaba.

Kwa sababu hiyo kidonge cha mchanganyiko kwa wajawazito chenye virutubisho 15, kilichopangwa kwa mwongozo wa Umoja wa Mataifa, kina chuma miligramu 30, zinki miligramu 15 na shaba miligramu 2 pamoja. Kalsiamu haimo kabisa. Hiyo hutolewa peke yake, kwa saa yake.

Handeni na Korogwe kuna ushahidi wa karibu

Kati ya 2014 na 2016 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Copenhagen, waliwafuatilia wanawake wa vijiji vya Korogwe na Handeni tangu kabla hawajashika mimba. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yakiongozwa na Omari Abdul Msemo yalionyesha kwamba zaidi ya mwanamke mmoja katika kila watatu alikuwa na upungufu wa damu kabla hata ya kuwa mjamzito. Kwa nchi nzima, utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na malaria wa 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu.

Takwimu hizi zinaweza kumfanya mtu akimbilie duka la dawa. Lakini upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Kukosa chuma ni sababu kubwa, ila kuna malaria, minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, kichocho, selimundu, hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, VVU, na upungufu wa asidi ya foliki au vitamini B12. Mama mwenye safura akimeza chuma bila dawa ya minyoo anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma cha ziada mwilini, na kumwongezea kingine bila kipimo ni hatari.

Handeni imetoa funzo jingine, ingawa hilo lilihusu watoto. Utafiti ulioongozwa na Jacobien Veenemans na kuchapishwa 2011 uliwapa watoto wadogo wa huko zinki, au mchanganyiko wa virutubisho vingi, au vyote viwili, kuona kama malaria itapungua. Haikupungua. Tena kwa watoto waliokuwa na upungufu wa chuma, mchanganyiko wa virutubisho uliambatana na ongezeko la malaria. Madini yanayomjenga mtu yanaweza pia kumnufaisha kimelea, na ndiyo maana katika maeneo ya malaria kinga na tiba ya malaria hutangulizwa au kwenda sambamba na virutubisho.

Kwa wajawazito habari ni za kutia moyo zaidi. Jijini Dar es Salaam, utafiti wa wanawake 1,500 waliokuwa na chuma cha kutosha mwanzoni mwa mimba ulionyesha kwamba vidonge vya chuma vya kila siku havikuongeza malaria kwenye kondo la nyuma. Matokeo yalichapishwa 2015. Kwa hiyo mjamzito wa Korogwe asiache vidonge vya kliniki kwa hofu ya malaria. Alale kwenye chandarua, anywe SP kwa ratiba, na aendelee na vidonge vyake.

Mjamzito: kalsiamu kidogo, folati kwa kiasi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mjamzito apate chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4 kila siku. Vidonge vya FEFO vinavyotolewa kliniki ni vya mchanganyiko huo wa chuma na asidi ya foliki. Pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, WHO ilipendekeza pia gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku ili kupunguza kifafa cha mimba. Maana yake ni vidonge vitatu au vinne vya kalsiamu kwa nyakati tofauti, na vyote viwe mbali na chuma. Mama anayeamka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni ataipata wapi nafasi hiyo?

Jibu lilitoka Dar es Salaam na India. Utafiti uliochapishwa Januari 2024, wenye wajawazito 11,000 katika kila nchi, ulilinganisha miligramu 500 za kalsiamu kwa siku na miligramu 1,500. Kwa upande wa kuzuia shinikizo la damu la mimba linaloambatana na protini kwenye mkojo, kiasi kidogo hakikuwa duni kuliko kikubwa. Kidonge kimoja kwa siku ni rahisi kukitenga na kidonge cha damu. Mjamzito aliyeandikiwa kalsiamu amuulize mkunga kama kidonge kimoja kwa siku kinamtosha.

Asidi ya foliki nayo ina mtego wake. Si madini, lakini humo humo kwenye pochi ndimo inamokaa. Dawa ya SP, anayopewa mjamzito kuanzia miezi mitatu ya pili kila baada ya angalau mwezi mmoja, humnyima kimelea cha malaria uwezo wa kujitengenezea folati. Vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa madukani vina zaidi ya mara 12 ya kile kilichomo kwenye FEFO, na kiasi hicho hudhoofisha SP. WHO inaonya visitolewe pamoja. Kaskazini mashariki mwa Tanzania, Korogwe ikiwemo, vimelea vimeripotiwa kwa miaka mingi kuwa sugu kwa SP. Hakuna sababu ya kuipunguzia nguvu zaidi. Mama mwenye selimundu, anayetumia dawa za kifafa, au aliyewahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi, huenda ameandikiwa miligramu 5 kwa makusudi. Huyo asiache, bali amkumbushe mhudumu siku anapopewa SP.

Chai, udongo na chungwa

Vidonge havigombani vyenyewe tu. Tanini ya chai hukamata chuma cha mboga na nafaka na kukifanya kisifyonzwe. Katika wilaya ambazo majani ya chai hutoka milimani mwao wenyewe, chai ni mlo, na wengi humezea dawa. Kinachofaa ni kuiacha chai ikae mbali na kidonge cha damu kwa saa moja hadi mbili. Kahawa ni hivyo hivyo. Chai ya maziwa ina mawili, tanini na kalsiamu.

Udongo wa kula unaouzwa sokoni una tatizo kubwa zaidi. Hushika chuma na zinki tumboni, unaweza kubeba mayai ya minyoo, na mwingine huwa na risasi, yaani madini yale yenye sumu. Tena hamu ya udongo yenyewe mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Mama anayeutamani kila siku hahitaji kuaibishwa. Anahitaji kupimwa.

Upande wa pili liko chungwa. Vitamini C husaidia chuma cha maharage, mchicha na kisamvu kufyonzwa, na Handeni, Korogwe na jirani zao Muheza hawana shida ya machungwa msimu wake ukifika. Msimu ukiisha kuna ndimu, mapera na maembe. Kipande cha nyama au samaki kwenye mboga husaidia pia. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaleta kalsiamu kwa kiasi ambacho mwili unakizoea, bila kopo.

Dawa nyingine zinazoguswa

Chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu hushikamana na baadhi ya dawa na kuzizuia kuingia mwilini. Mama anayetumia ARV zenye dolutegraviri, zinazojulikana na wengi kama TLD, anatakiwa kuzimeza saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge vya chuma au kalsiamu. Akishindwa, anaweza kuvimeza pamoja endapo tu ni wakati wa kula chakula. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hazina nafuu hiyo. Hizo lazima zitengwe kwa saa hizo hata kama amekula. Dawa ikikosa kufyonzwa siku baada ya siku, virusi hupata nafasi ya kuongezeka, na kwa mjamzito hilo linamgusa na mtoto.

Antibaiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini nazo hupoteza nguvu zikikutana na madini haya. Vivyo hivyo vidonge vya homoni ya tezi la shingo, ambavyo hutakiwa kuwa mbali na chuma au kalsiamu kwa saa 4. Anayeandikiwa dawa mpya ataje vidonge vyote anavyomeza, hata vile alivyopewa na jirani. Mhudumu hawezi kupanga asichokijua.

Siku moja iliyopangwa

Kwa mwanamke aliyeandikiwa kalsiamu na chuma, na asiye na dawa nyingine, mpango rahisi ni huu. Kalsiamu imezwe na chakula, asubuhi au mchana, isizidi miligramu 500 kwa mara moja. Mwili haufyonzi vizuri kiasi kikubwa kikija kwa pamoja, na kalsiamu nyingi za madukani huhitaji chakula tumboni. Kidonge cha damu kimezwe usiku, kama saa 2 baada ya chakula cha jioni, kwa maji au kwa chungwa. Wengi huona kichefuchefu kinapungua wakimeza wakati wa kulala. Dawa ya kiungulia, ikihitajika, imezwe mbali na kidonge cha damu kwa angalau saa 2.

Anayeshindwa kabisa kumeza chuma bila chakula akimeze na chakula kisicho na chai wala maziwa. Kitafyonzwa kidogo kuliko tumbo tupu, lakini ni bora kuliko kukiacha kabisa. Choo kuwa cheusi si dalili ya hatari. Ni chuma kilichobaki kinatoka.

Asiye mjamzito asidhani kwamba kuzidisha ndiko kupona. Watafiti wa Zurich, Uswisi, katika tafiti za 2015 na 2017, waliona kwamba dozi ya chuma huamsha homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa chuma kwa takribani siku nzima. Wanawake waliopewa chuma siku moja na kupumzika siku inayofuata walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Mjamzito afuate ratiba ya kila siku aliyopewa kliniki, lakini mwingine anayesumbuliwa na vidonge anaweza kumuuliza daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja.

Kabla ya kununua kopo jingine

Fedha ya kopo hilo ni bora ianze kwenye kipimo. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, na mjamzito chini ya 11. Akiwa chini ya 7, upungufu ni mkali na asisubiri vidonge vifanye kazi nyumbani. Aende hospitali siku hiyohiyo. Kipimo cha malaria na cha choo vifanyike pia, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayoonyesha kama chuma pekee kitatosha.

Baba naye ana nafasi yake. Kabla ya kutuma fedha za virutubisho vipya, aulize ni vingapi tayari vimo ndani, vinamezwa saa ngapi, na nani aliviandika. Mara nyingi ataokoa fedha, na mkewe atapata nafuu kwa vilevile vya kliniki vilivyopangiwa saa.

Na nyumba yenye watoto ikumbuke jambo moja la haraka. Vidonge vya chuma vyenye rangi hufanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Pochi isiachwe kitandani, na kopo likae juu ambako kiti hakifiki. Mtoto akishameza, akimbizwe hospitali papo hapo pamoja na kopo lenyewe, hata kama anacheza na anaonekana mzima.